Jedwali linabadilisha ulichoandika bila kukuambia: mambo 7 yanayokera, na dawa yake

Leo tuongee kitu ambacho hakina mvuto kama kupiga picha za bidhaa au kupanga bei, lakini kinakula hela za watu kimyakimya: lile jedwali unaloweka wateja, oda na madeni.

Wengi wetu tulianza na daftari. Wateja wakiongezeka, daftari linashindwa, anatokea mtu anakwambia weka kwenye Excel, au fungua Google Sheets, ni bure. Unaweka. Miezi inakwenda, mistari inaongezeka, unajisikia mtu mwenye mpangilio. Halafu inafika siku unataka ile orodha ikufanyie kazi: kutuma meseji ya ofa, kudai madeni, kujua saizi gani imeisha. Hapo ndipo unakuta namba za simu pungufu, saizi zimegeuka tarehe, na deni la mama mmoja limehamia kwa mwingine.

Mimi nauza viatu vya watoto mtandaoni, na kwa miaka kadhaa wenzangu wamekuwa wakiniletea mafaili yao niwasaidie kuyanyoosha. Karibu kila mmoja anaanza kwa kujilaumu: "Mimi si mtu wa kompyuta." Nikikaa na faili, mara nyingi nakuta aliandika sawasawa kabisa. Programu ndiyo iliyobadilisha alichoandika, na haikumwambia.

Hilo ndilo la kushika leo. Jedwali linakisia. Linaangalia ulichoandika, linaamua lenyewe kuwa ni namba au tarehe, linakibadilisha, linanyamaza. Ukilijulia, unaliwahi kabla halijakisia.

KWA NINI LIKO HIVYO?

Kwa sababu halikutengenezwa kuwa daftari la wateja. Programu ya kwanza ya aina hii kupata umaarufu kwenye kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka 1979. Excel ikafuata 1985, ikianzia kwenye kompyuta za Macintosh. Kazi yake ilikuwa hesabu: bajeti, mapato, matumizi. Kwa mtu wa hesabu, 0700 na 700 ni kitu kimoja. Sifuri ya mbele haina thamani, kwa nini ikae?

Kwa mtu wa bodaboda aliyesimama barabarani na mzigo wako akitafuta kumpigia mteja, sifuri ya mbele ina thamani.

Sisi tumechukua kikokotoo tukakifanya daftari la wateja. Si vibaya, dunia nzima inafanya hivyo. Ila ujue kwamba kila unapoandika, kile kikokotoo bado kimo humo ndani na kinataka kupiga hesabu.

Sasa twende moja moja.

1. SIFURI YA MBELE INAYOPOTEA

Andika namba ya simu inayoanza na 07 kwenye kisanduku kipya, bonyeza Enter. Sifuri imekwenda. Tarakimu 10 zimekuwa 9.

Unasema basi, nitaandika kwa mtindo wa kimataifa, +255. Excel inaiondoa ile alama ya kujumlisha, na kwa kuwa sasa namba ina tarakimu 12, inakuonyesha kitu kama 2.56E+11. Hiyo ni lugha ya wanasayansi ya kufupisha namba kubwa, maana yake 2.56 mara bilioni 100. Nani aliomba?

Hapo bado hujapoteza. Ukibofya kisanduku, utaiona namba kamili kwenye ule mstari wa juu wa kuandikia. Hatari yenyewe inakuja unapotaka kutuma SMS kwa wingi. Huduma nyingi za kutuma SMS zinataka faili la aina ya CSV. Ukihifadhi kwa CSV, Excel inaandika kile kinachoonekana kwenye skrini, si kile kilichomo ndani. Kama skrini inaonyesha 2.56E+11, ndicho kinachoingia kwenye faili. Ukifunga ukabaki na CSV peke yake, tarakimu za mwisho za kila mteja hazirudi tena.

Kuna mwenzangu anauza vipodozi, orodha yake ilikuwa ya miaka miwili. Alihifadhi kwa CSV, akafuta faili la mwanzo ili yasimchanganye. Ilibidi akae na simu, afungue meseji za WhatsApp moja moja, anakili namba upya. Waliokuwa wamempigia tu bila kuandika meseji, wamepotea mpaka leo. Bidhaa ikiibiwa unanunua nyingine. Mteja aliyekuwa ananunua kila mwezi, ukipoteza namba yake utamwona wapi?

Dawa: kolamu kwanza, kuandika baadaye. Kabla hujaandika hata namba moja, chagua kolamu nzima ya simu. Kwenye Excel, badilisha aina yake kutoka "General" iwe "Text". Kwenye Google Sheets, nenda "Format", kisha "Number", kisha "Plain text". Sasa lile jedwali linajua kuwa humu ni maandishi, halitagusa kitu.

Kama umeshaandika na sifuri zimekwenda, kubadilisha aina hakurudishi sifuri. Fanya hivi: kama namba za tarakimu 9 ziko kolamu ya A kuanzia mstari wa 2, kwenye kolamu ya pembeni iliyo tupu andika ="0"&A2 kisha vuta mpaka chini. Zikikaa sawa, zinakili na uzipesti kama thamani tu, si fomula. Na kama unaona 2.56E+11 lakini faili la mwanzo bado lipo, badilisha kolamu iwe "Number", ondoa desimali, namba kamili itajitokeza. Fanya hivyo KABLA ya kuhifadhi kwa CSV.

La mwisho hapa. Faili la CSV ulilotumiwa likiwa zima kabisa, ukilibofya mara mbili likafunguka kwenye Excel, sifuri zinaondoka hapo hapo mlangoni. Usilibofye. Fungua Excel tupu, nenda "Data", chagua "From Text/CSV", na panapouliza namna ya kutambua aina za data, chagua isitambue chochote. Ni hatua mbili zaidi, lakini namba zinaingia kama zilivyo.

2. NAMBA NDEFU ZINAZOISHIA SIFURI

Excel inashika tarakimu 15 tu kwenye namba. Kuanzia ya 16, zote zinageuzwa sifuri. Siyo kwamba zimefichwa, zimefutika.

Nani linamhusu? Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Tokeni ya LUKU nayo ina 20. Kama unauza umeme, au unakopesha bidhaa na unachukua namba ya kitambulisho, ukiiandika mfululizo bila vistari, tarakimu 5 za mwisho zinakuwa sifuri. Na kwa kuwa kwenye skrini utaona tu kitu kama 2E+19, hutajua mpaka siku unapoihitaji.

Wauza simu, IMEI ina tarakimu 15, kwa hiyo inapona kwa kubahatika tu. Itaonekana vibaya lakini haijapotea.

Dawa ni ile ile: kolamu iwe maandishi kabla ya kuandika. Kanuni rahisi ninayowapa watu ni hii: kama namba huwezi kuijumlisha ikaleta maana, hiyo siyo namba, ni jina. Simu ni jina. NIDA ni jina. Namba ya risiti ni jina. Zote ziwe maandishi.

Na kama huna sababu ya kushika NIDA za wateja, usizishike kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtu ni dhamana.

3. SAIZI INAYOGEUKA TAREHE

Hii wauza nguo za watoto wanaijua vizuri. Unaandika saizi ya miaka 5-6. Jedwali linasema aah, hiyo ni tarehe, linakuwekea tarehe 5 Juni, au tarehe 6 Mei, inategemea kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa nchi gani. 7-8, 9-10, 11-12, zote zinakwenda hivyo. Ukifika 13-14 linaacha, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Kwa hiyo nusu ya kolamu ni saizi, nusu ni kalenda.

Unajaribu kurekebisha, unabadilisha iwe maandishi, linakuletea 45783. Hiyo imetoka wapi? Ndani kwa ndani, Excel inahifadhi tarehe kama idadi ya siku, kuanzia siku ya kwanza ya mwaka 1900. 45783 ni tarehe 6 Mei 2025. Ulichoandika mwanzo, 5-6, hakipo popote tena.

Dada mmoja wa nguo za mitumba za watoto alitaka kujua saizi gani imekwisha kabla ya kwenda kuchukua mzigo Kariakoo. Jedwali lilimwambia saizi 5-6 ziko sifuri. Kumbe zilikuwepo zaidi ya ishirini, ila zilikuwa zimejificha ndani ya mwezi wa Mei. Akanunua nyingine. Hela ikakaa kwenye rafu.

Dawa: kolamu ya saizi iwe maandishi. Au andika kwa namna isiyofanana na tarehe: "miaka 5-6", au "5 hadi 6". Chagua moja, uishike.

USIJILAUMU, HATA WANASAYANSI WAMELIA

Wataalamu wa jeni wana majina mafupi ya jeni kama SEPT1 na MARCH1. Excel ikiona hayo inasema ni Septemba na Machi, inayageuza tarehe. Watafiti waliliandika tatizo hili tangu 2004. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulipitia majarida ya sayansi ukakuta karibu makala 1 kati ya 5 zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel zilikuwa na makosa ya aina hii. Mwisho, 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua yaishe: ikabadilisha majina ya jeni zenyewe. SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha majina ya jeni kuliko kusubiri programu ibadilike.

Microsoft waliweka swichi ya kuzima ubadilishaji huu mwaka 2023. Kama unatumia Excel mpya ya Microsoft 365, nenda "File", "Options", "Data", tafuta sehemu ya "Automatic Data Conversion". Unaweza kuzima kuondoa sifuri za mbele, kuzima kufupisha namba ndefu kwa E, na kuzima kugeuza herufi na namba kuwa tarehe. Ila iko ndani sana, haikujii yenyewe. Lazima ujue ipo.

Na kule Uingereza, Oktoba 2020, katikati ya korona, ilibainika kuwa wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa wakati. Taasisi ya afya ya umma ilikuwa inapitisha majibu ya vipimo kwenye faili la Excel la aina ya zamani, XLS, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyobaki haikuingia. Watu waliokutana na wagonjwa wale wakachelewa kutafutwa. Kama faili lako linaishia na .xls badala ya .xlsx, lihifadhi upya kwa aina mpya. Aina mpya inabeba mistari zaidi ya milioni 1.

Nawaambia haya ili ujue kuwa hata wenye shahada na bajeti wamepitia. Tatizo siyo wewe kutojua kompyuta. Tatizo ni kitu kinachobadilisha kazi yako kimya.

4. SIKU NA MWEZI KUBADILISHANA NAFASI

Sisi tunaandika siku kwanza: 03/04 ni tarehe 3 mwezi wa nne. Wamarekani wanaanza na mwezi, kwao hiyo ni Machi 4. Kama jedwali lako limewekwa kwa mtindo wa Marekani, litasoma kwa Kimarekani. Na uone linavyokera: ukiandika 25/04, linaona hakuna mwezi wa 25, linaiacha kama maandishi. Sasa kolamu moja ina tarehe zilizogeuzwa na tarehe ambazo siyo tarehe. Ukipanga kuanzia ya zamani, hakuna kinachokaa mahali pake.

Namna ya kugundua ni rahisi mno. Kama hujagusa mpangilio, tarehe na namba zinakaa kulia mwa kisanduku, maandishi yanakaa kushoto. Angalia kolamu yako ya tarehe. Ukiona nyingine kulia nyingine kushoto, una ugonjwa huu.

Dawa: kwenye Google Sheets nenda "File", "Settings", halafu "Locale", chagua nchi inayoanza na siku, kwa mfano United Kingdom. Kwenye Excel inafuata mpangilio wa kompyuta yenyewe, kwenye mipangilio ya eneo na lugha. Halafu jizoeshe kuandika mwaka kwanza, 2025-04-03. Mtindo huu hauna ubishi wa nani aliyetangulia, na hata ukisomwa kama maandishi unajipanga sawa.

5. KUPANGA KUNAKOTENGANISHA JINA NA DENI

Hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu matokeo yake ni watu kugombana.

Una kolamu ya jina, ya simu, ya bidhaa, halafu ukaacha kolamu moja tupu ili ipendeze, kisha kolamu ya deni. Unapanga majina kwa herufi. Excel inaona ile kolamu tupu, inasema jedwali limeishia hapa. Inapanga majina, simu na bidhaa. Madeni yanabaki pale pale yalipokuwa. Hakuna onyo. Kwa macho kila kitu kiko sawa, tena kimependeza. Lakini sasa kila mtu ana deni la mwenzake.

Kolamu zikiwa zimeshikana na wewe umechagua moja tu, Excel walau inauliza kama unataka kupanua uchaguzi. Wengi hubofya tu ili dirisha liondoke. Lisome. Jibu ni "Expand the selection", siku zote. Kwenye Google Sheets, ukibofya kolamu utaona njia mbili zinazofanana majina: "Sort sheet" inahamisha mstari mzima, "Sort range" inapanga ulichochagua tu. Neno moja tofauti, matokeo mbingu na ardhi.

Nimeona mama wa vitenge, mtu mstaarabu kabisa, akimdai mteja wake elfu themanini asizodaiwa. Yule mteja alikuwa ameshalipa, na meseji ya malipo anayo. Alionyesha meseji, akaombwa radhi, akasema yameisha. Hakurudi kununua. Na yule mdaiwa halisi? Kwenye jedwali anaonekana hana deni, na yeye hakujisumbua kukumbusha.

Dawa:
- Usiache kolamu tupu wala mstari mtupu katikati ya jedwali. Ukitaka nafasi, panua kolamu.
- Kwenye Excel, bofya ndani ya jedwali, bonyeza Ctrl na T. Hapo Excel inalitambua kama jedwali moja, na mistari inahama mizima.
- Mpe kila oda namba yake: 1, 2, 3. Ukiona mambo yamevurugika baada ya kupanga, usihifadhi, bonyeza Ctrl na Z mara moja.

6. KUCHUJA, NA JUMLA INAYODANGANYA

Umechuja jedwali lionyeshe waliokwama kulipa tu. Chini una jumla uliyoiweka kwa SUM. Unaisoma: laki tisa. Unapanga mipango ya laki tisa. Kumbe SUM inajumlisha hata mistari iliyofichwa na kichujio, pamoja na walioshalipa.

Unachotaka ni SUBTOTAL. Andika =SUBTOTAL(109,D2:D500) badala ya =SUM(D2:D500), ukibadilisha herufi na namba kufuata kolamu yako. Hii inahesabu kinachoonekana tu. Iweke juu ya jedwali, si chini, ili isifichwe na kichujio. Au chagua visanduku kwa macho, uangalie jumla inayotokea chini kulia mwa skrini. Hiyo nayo inahesabu vinavyoonekana.

Jambo la pili: jedwali likiwa limechujwa, usipesti orodha ndefu juu yake. Excel inaweza kuandika mpaka kwenye mistari iliyofichwa, ukaharibu ambavyo huvioni. Ondoa kichujio kwanza.

La tatu, kwa mnaofanya kazi wawili. Kwenye Google Sheets, kichujio cha kawaida ukikiweka wewe, na msaidizi wako anaona kimechujwa. Anaweza kudhani oda zimefutwa, akaziandika upya, mkatuma mzigo mara mbili. Tumia "filter view", hiyo ni ya kwako peke yako.

7. KUFUTA NA KUHIFADHI

Kila programu ina sheria yake hapa, na hakuna inayokueleza mwanzoni.

Excel kwenye kompyuta yako, kama haijawekwa kujihifadhi mtandaoni, inasubiri uhifadhi mwenyewe. Umeme ukikatika, umeumia. Google Sheets inahifadhi kila unachofanya papo hapo, hata ulichofuta kwa bahati mbaya. Lakini ina kumbukumbu: ukiwa kwenye kompyuta, nenda "File", kisha "Version history", utaona jedwali lilivyokuwa jana au wiki iliyopita na unaweza kulirudisha. Watu wanakaa miaka bila kujua hii ipo, na ndiyo inayookoa.

Wachache mnaotumia Microsoft Access, yake ni ya kipekee. Mabadiliko yanahifadhiwa pale tu unapohama mstari, hata kama hujabonyeza kuhifadhi. Ukiwa bado kwenye mstari unaweza kurudi nyuma kwa Esc. Na ukifuta rekodi ukathibitisha, hakuna kurudi. Ile namba inayojiandika yenyewe nayo haizibi mapengo, kwa hiyo usiitumie kama namba ya risiti halafu ukashangaa risiti ya 14 iko wapi.

Dawa ya yote: kila Jumapili jioni tengeneza nakala ya faili, uipe jina lenye tarehe, uiweke mahali pengine. Dakika moja tu.

DAKIKA 10 ZA KUANDAA JEDWALI JIPYA

Kama utafanya kitu kimoja baada ya kusoma hapa, fanya hiki:

- Mstari wa kwanza uwe wa vichwa: namba ya oda, tarehe, jina, simu, bidhaa, saizi, bei, kilicholipwa, hali.
- Kolamu za simu, saizi na namba zozote zisizojumlishwa: ziwe maandishi, kabla hujaandika kitu.
- Kolamu za hela ziwe namba tupu. Usiandike "25,000/=" wala "elfu 25", andika 25000. Ukiongeza maneno, jedwali linaona maandishi na halijumlishi.
- Usiunganishe visanduku. Inapendeza, lakini ikifika kupanga na kuchuja inakwamisha.
- Usitumie rangi kama taarifa. Nyekundu ya "hajalipa" unaiona wewe, fomula ya kawaida haiioni. Weka kolamu ya hali, andika "hajalipa". Rangi iwe nyongeza.
- Ukimaliza, jaribu na oda tatu za uongo: simu inayoanza na 07, saizi 5-6, tarehe 25. Zikikaa kama ulivyoandika, anza kazi.

Unayetumia simu tu usijisikie umeachwa. Kwenye programu ya Google Sheets ya simu, chagua kolamu, bofya ile alama ya A yenye mistari pembeni, nenda "Cell", kisha "Number format", chagua "Plain text". Imekwisha.

Unaweza kujiuliza kama si bora kurudi kwenye daftari. Daftari halibadilishi ulichoandika, hilo ni kweli. Lakini pia halitakutafutia wadaiwa wa mwezi huu kwa sekunde mbili, na likilowa limelowa. Jedwali ni msaidizi mwenye mbio, ila ana tabia ya kujiamulia. Msaidizi wa hivyo humfukuzi, unampa maelekezo kabla hajaanza kazi.

Hifadhi posti hii, na leo usiku kabla ya kulala fungua jedwali lako uangalie kolamu ya simu tu. Hesabu tarakimu. Ukikuta 9 badala ya 10, anzia pale juu, namba 1. Na kama unamjua mwenzako anayejilaumu kuwa hajui kompyuta, mtumie na yeye asome.

Kazi njema, na wateja wasipotee.